Kofia ya Vita na Neno la Mwenye Kuiuza

Swali tunalolileta mbele ya wasomaji wetu juma hili laweza kuonekana dogo, wala si la kuhubiriwa kanisani. Mtu anayo kofia ya chuma ya kivita. Anaiuza, na katika kuiuza anasema kwamba ilikuwa ya askari wa jeshi fulani, aliyepigana mahali fulani, mwaka fulani, hali yeye mwenyewe hana hakika na hayo. Je, ametenda dhambi? Na kama ametenda, amemkosea nani?

Wako watakaojibu upesi kwamba hakumkosea mtu. Chuma ni chuma, watasema, na mnunuzi ameondoka na kofia mkononi. Wako watakaosema kwamba amemkosea mnunuzi peke yake, naye mnunuzi ni mtu wa fedha aliyekwenda kutafuta vitu visivyo na kazi nyumbani mwake. Sisi twaona kwamba majibu hayo yote mawili ni mafupi mno. Tena twaona kwamba swali lenyewe si la wageni tu, bali latuhusu sisi tunaokaa Bukoba na Muleba, maana nchi yetu imepitiwa na vita mara mbili katika karne moja, na kila vita huacha nyuma yake vitu na masimulizi.

Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Waingereza, yaliyovuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, yaliushambulia mji wa Bukoba uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Shabaha yao ilikuwa kituo cha simu ya upepo. Walikibomoa, mji ukatekwa nyara, kisha wakarudi melini wakaenda zao, wasirejee kuishika nchi hii mpaka mwaka 1916. Miongoni mwa waliopigana alikuwamo mwindaji Frederick Selous, mwenye umri wa miaka sitini na zaidi, ambaye baadaye pori kubwa la kusini mwa nchi yetu lilipewa jina lake. Mtu asimamaye leo pale Bilele, katikati ya mji, hayuko mbali na mahali mambo hayo yalipotendeka.

Vita ya pili wengi wa wazee wetu waliiona kwa macho. Mwaka 1978 askari wa Idi Amin walivuka mpaka wakaishika nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni, na wengine hawakurudi. Vita ikaendelea mpaka Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Vijana wetu wengi waliolala katika vita ile wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na makaburi yao yanatunzwa mpaka leo.

Si ajabu, basi, kama katika nyumba fulani pana kofia ya zamani darini, imetundikwa au imegeuzwa kuwa chombo cha kuwekea mbegu, wala hakuna ajuaye kwa hakika ilikotoka. Tena katika Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaokusanya vitu vya namna hiyo. Kukusanya kwenyewe si kosa. Wengine ni wanahistoria, wengine ni wana na wajukuu wa askari wanaotaka kushika kitu kilichofanana na kile alichokivaa baba yao. Lakini katika biashara hiyo liko jambo moja lisilopatikana katika biashara ya ndizi wala ya sufuria. Sufuria hununuliwa kwa sababu ya kazi yake. Kofia ya vita hununuliwa kwa sababu ya habari zake. Kofia mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zaweza kupishana bei mara kumi, kwa kuwa moja ina habari na nyingine haina.

Tuseme, basi, kwamba kijana mmoja amerithi kofia ya chuma. Mgeni anakuja, anaigeuza mkononi, anauliza, “Hii ni ya askari wa Mjerumani aliyekufa hapa Bukoba mwaka 1915, sivyo?” Kijana anaona macho ya mgeni yanavyong’aa. Anatikisa kichwa kukubali. Hakusema hata neno moja, wala si yeye aliyeitunga habari ile. Lakini fedha aliyoipokea ni fedha ya habari ile.

Kwanza na tuichunguze kofia yenyewe, maana haki huanza kwa kujua mambo yalivyo. Kofia ya chuma haikuwako Bukoba mwezi wa Juni 1915. Kofia ya Kiingereza yenye umbo la sahani, iliyobuniwa na John Brodie, iliandikishwa serikalini mwezi wa Agosti mwaka ule, ikaanza kuwafikia askari wa mahandaki ya Ufaransa baada ya hapo. Kofia ya chuma ya Kijerumani, ile iteremkayo juu ya masikio na shingo, ilianza kuvaliwa mwaka 1916, katika mapigano ya Verdun. Huku kwetu Wazungu wa pande zote mbili walivaa kofia nene za jua, zilizofanywa kwa kizibo au kwa mti mwepesi na kufunikwa kitambaa cha kaki. Wapunjabi walivaa vilemba, na askari Waafrika walivaa kofia za kitambaa. Jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki lilitengwa na nchi yake tangu mwanzo wa vita mpaka lilipoweka silaha chini mwezi wa Novemba 1918, wala askari wake hawakupewa kofia za chuma. Kwa hiyo habari ya kijana yule imeanguka kabla ya kofia kuguswa. Kalenda peke yake imeihukumu.

Wataalamu wanazo njia nyingine pia. Hutazama ndani ya kofia kama muhuri wa kiwanda na namba ya ukubwa vyalingana na umbo na mwaka. Hutazama bitana ya ngozi, misumari inayoishika na ukanda wa kidevuni, maana vitu hivyo huoza na kubadilishwa mapema kuliko chuma. Hutumia sumaku, kwa sababu kofia nyingi za Waingereza za Vita Kuu ya Kwanza zilifanywa kwa chuma kilichochanganywa na manganizi, nacho sumaku haikishiki. Kofia ya kughushi iliyofuliwa kwa bati la kawaida huishika mara moja. Hutazama kutu. Kutu ya miaka mingi huila kofia kwa kina na bila usawa, zaidi upande uliolalia udongo, bali kutu ya haraka, iliyoletwa kwa chumvi na kuzikwa kwa majuma machache, huenea juu juu kwa rangi moja. Hutazama rangi, kama imechakaa pale vidole vinaposhika, au kama imepakwa juu ya kutu iliyotangulia. Na kama pana tundu, hutazama kingo zake, maana risasi ikitoka nje huvuta chuma kuelekea ndani, na keekee huacha duara safi.

Njia hizo ni njema, wala hatumlaumu anayezitumia. Lakini ni lazima tuone mwisho wa uwezo wake. Zaweza kutuambia kwamba kofia hii ni ya zamani kweli, kwamba ilitengenezwa Uingereza au Ujerumani, kwamba haikupakwa rangi jana. Haziwezi kutuambia ilikuwa juu ya kichwa cha nani. Kofia ya umbo la sahani iliyokutwa Bukoba yaweza kuwa iliachwa na jeshi la Vita Kuu ya Pili, yaweza kuwa imenunuliwa sokoni baada ya vita, hata yaweza kuwa ni ya namna waliyopewa wazima moto na walinzi wa miji ya Uingereza, ambao hawakuwahi kupiga risasi. Vivyo hivyo kofia isemwayo kuwa ya vita ya 1978: kofia za umbo moja huvaliwa na majeshi ya nchi nyingi, na umbo halina kinywa. Sumaku haijui jina la marehemu. Penye kikomo cha vipimo vya mikono, panabaki kitu kimoja tu, nacho ni ushuhuda wa mtu.

Hapo ndipo swali letu linapoingia katika Amri ya Nane. Watu huuliza kama kofia ni ya kweli au ya uongo, nasi tumezoea kusema hivyo. Lakini kwa haki kofia haina uongo. Hata ile iliyofuliwa mwaka jana ni kofia ya kweli ya mwaka jana. Uongo hauwezi kukaa katika chuma, kwa sababu hukaa katika neno lililofungwa juu yake, na neno lina mwenyewe.

Historia ya Bukoba yatupa mfano wa jambo hili ambao ni vigumu kupata ulio bora kuliko huo. Ofisa wa upelelezi wa jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki wakati ule alikuwa Richard Meinertzhagen. Shajara yake inasimulia shambulio la Bukoba, na waandishi wengi waliifuata kwa miaka mingi. Huyu alikuwa pia mkusanyaji mashuhuri wa ndege waliokaushwa, naye alilipa Jumba la Makumbusho la London maelfu yao. Alifariki mwaka 1967, akiheshimiwa na wengi. Tangu miaka ya 1990 wataalamu waliowachunguza ndege wale wamegundua kwamba wengi walikuwa wameibwa kutoka makusanyo ya watu wengine, wakaandikiwa upya mahali na tarehe zisizo zao. Na baada ya hapo wanahistoria wakaanza kuitilia mashaka hata shajara.

Tazameni ubaya wa kazi ile. Ndege walikuwa wa kweli. Manyoya, mifupa, midomo, vyote vya kweli. Uongo ulikuwa katika kikaratasi kidogo kilichofungwa mguuni. Bundi mmoja wa misitu ya India, aliyedhaniwa kuwa ametoweka duniani, alitafutwa mahali asipokuwapo kwa sababu ya kikaratasi kile. Alipotafutwa bila kuusadiki uongo huo, Pamela Rasmussen na wenzake walimwona akiwa hai mwaka 1997. Kwa hiyo uongo ule haukuwa upuuzi wa mzee mwenye kupenda sifa. Uliwapoteza watu njia kwa miaka mingi. Ukawapunguzia heshima hata ndege wachache aliowapata kwa haki, kwa kuwa sasa hakuna ajuaye ni wepi. Na shajara yake, hata pale iliposema kweli, haisadikiwi tena kwa wepesi.

Jambo kama hilo lafanyika katika biashara ya kofia. Yajulikana kwamba kofia halisi ya askari wa kawaida wa Ujerumani wa Vita Kuu ya Pili, kijana aliyeitwa jeshini kwa lazima, hubandikwa alama ya kikosi cha SS ili bei yake ipande. Kofia ni ya kweli, na alama ni ya jana. Mkristo na aitafakari biashara hiyo. Alama ya kikosi kilichosimamia makambi ya mauaji imekuwa na thamani sokoni kuliko kichwa cha mtoto wa mkulima. Aliyeibandika amemwongopea mnunuzi, na zaidi ya hayo amemsingizia marehemu dhambi ambayo huenda hakuitenda.

Sasa na turudi kwa yule kijana wetu. Atajitetea kwamba hakusema neno. Mtakatifu Tomaso wa Akwino amelijadili jambo hili la muuzaji anyamazaye, naye hakuwa mkali kupita kiasi. Afundisha kwamba muuzaji hapaswi kutangaza kila kitu. Mfanya biashara aletaye ngano mahali penye njaa, naye ajua kwamba wengine wanakuja nyuma yake na ngano zaidi, hakosi haki akiuza kwa bei aliyoikuta, ingawa ingekuwa wema mkubwa zaidi kama angesema. Lakini kasoro iliyofichika ndani ya kitu chenyewe ni habari nyingine. Muuzaji anapaswa kuidhihirisha, maana mnunuzi analipa kwa kitu asichokipata. Hapa Bukoba hatuhitaji kitabu ili tulielewe hilo. Kila mkulima ajua tofauti ya mtu aliyeuza kahawa yake kabla bei haijashuka, na mtu aliyeweka kahawa iliyokauka juu ya gunia na mbichi chini yake.

Je, habari ya uongo ya kofia ni ngano ijayo, au ni kahawa mbichi chini ya gunia? Twasema ni kahawa mbichi. Kwa sababu, kama tulivyoonyesha, mnunuzi wa kofia hanunui chuma, ananunua habari. Habari ndiyo bidhaa yenyewe. Aliyetikisa kichwa ameuza gunia ambalo ndani yake hamna kitu, na kichwa kinachotikiswa ni ulimi. Ametenda kinyume cha Amri ya Nane kwa uongo, na kinyume cha Amri ya Saba kwa fedha.

Lakini mnunuzi naye asijione safi. Swali lake lilikuwa na jibu ndani yake. Alimwonyesha maskini ni maneno gani yatakayoleta fedha, kisha akayapokea maneno hayo kana kwamba ni ushuhuda. Atakaye kudanganywa ana sehemu yake katika udanganyifu. Mwenye kutafuta kweli huuliza, “Kofia hii mliipataje?” kisha hunyamaza asikilize.

Tumesema habari za muuzaji na mnunuzi. Yuko mtu wa tatu, ambaye hayupo sokoni wala hawezi kujitetea, naye ndiye hasa aliyetufanya tuandike makala hii. Ni yule aliyekufa.

Mtu akichukua keekee akatoboa tundu katika kofia, kisha akasema, “Hapa ndipo risasi ilipopita,” amefanya nini? Ametunga kifo. Amemwua mtu asiyekuwapo, akapokea ujira wa damu isiyomwagika. Na kwa kuwa watu wana kiasi cha huruma, na kiasi hicho huisha, machozi yaliyomwagwa kwa ajili ya yule wa kubuniwa yamepunguzwa kutoka kwa wale waliokufa kweli. Baada ya kudanganywa mara mbili au tatu, watu huanza kucheka kila wasikiapo habari za vita. Ndipo mjane wa Kyaka asimuliapo jinsi mumewe alivyopotea, wamtazame kama mwuza kofia. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya uongo huu, wala hakuna mnunuzi anayeweza kurudishiwa.

Wafu wetu wana haki juu yetu. Twawaombea katika kila Misa, na mwezi wa Novemba twakwenda makaburini. Lakini kuwaombea pasipo kusema kweli juu yao ni ibada yenye kilema. Wale waliolala Kaboya hawahitaji kuongezewa ushujaa wala kuzushiwa mambo wasiyoyatenda. Wanatudai tuyaseme yale yaliyowapata, na tuishie hapo.

Mama Kanisa analifahamu jaribu hili tangu zamani, kwa sababu ya masalia ya watakatifu. Mwanzoni mwa karne ya tano Mtakatifu Augustino alilalamika juu ya watu waliovaa mavazi ya kimonaki na kuzunguka wakiuza viungo vya mashahidi, akatia shaka kama kweli vilikuwa vya mashahidi. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulikataza masalia yasiuzwe, na mapya yasiheshimiwe hadharani bila idhini ya Baba Mtakatifu. Mpaka leo sheria ya Kanisa yakataza kabisa kuyauza. Tena mwaka 2017 Roma ilitoa maagizo mapya juu ya kuthibitisha uhalisi wa masalia na kuyatunza. Masalia hutiwa muhuri na hufuatana na hati ya mwenye mamlaka, ili ijulikane yametoka wapi na yamepita mikononi mwa nani.

Kofia ya askari si masalia, wala hatuiwekei taa. Lakini hekima ya Kanisa ni ile ile. Kwanza, yaona kwamba kitu chenyewe hakitoshi pasipo ushuhuda ulioandikwa na mtu anayewajibika kwa neno lake. Pili, yaona kwamba fedha ikiingia, ushuhuda huharibika upesi, na kadiri kitu kinavyogusa mioyo ya watu ndivyo fedha inavyokuwa na hatari.

Mtu atatuuliza: “Padri, na huyu maskini je? Mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule, na uongo mmoja mdogo ungalimponya. Mgeni hatakufa njaa.” Hatulidharau swali hilo. Aliye na dhiki anayo haki ya kuuza kilicho chake, wala hatumwambii aitupe kofia ziwani. Auze, ikiwa ni halali kuuzwa, kwa neno la kweli: “Kofia hii tuliikuta kwa babu. Hatujui ilikotoka.” Atapata pungufu, ndiyo. Lakini wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tena mtoto atakayesomeshwa kwa fedha ile ataishi nyumbani mwa baba yake, na atajua ilikotoka. Somo hilo naye atalishika pamoja na hesabu.

Tena kweli iliyo ndogo mara nyingine huwa na thamani tusiyoitazamia. Mtu huwa na kofia nene ya jua, ya kaki, iliyoliwa na mende, naye hutamani sana iwe ya ofisa wa mwaka 1915, na kama akithubutu ataiita kofia ya Selous mwenyewe. Lakini kofia za namna hiyo zilivaliwa pia na mabwana shamba, na wafanya biashara, na Mababa Weupe, waliofungua misioni ya Kashozi mwaka 1892 na kutembea vijijini juani kwa miguu. Huenda kofia ile haikuona vita hata siku moja. Huenda ilitundikwa katika mlango wa mgonjwa aliyekuwa akipewa mafuta matakatifu. Aliyeigeuza kuwa ya ofisa ili aiuze amefuta habari iliyo njema kuliko ile aliyoizua.

Basi tutoe mashauri machache kwa familia zenye vitu vya namna hii.

Andikeni mnayoyajua wangali hai wanaoyajua. Nani alikipata kitu hiki, wapi, mwaka gani, kimepita kwa nani. Na katika kuandika, tengeni mambo matatu: niliyoyaona, niliyoyasikia na ninayoyadhani. Anayechanganya la tatu na la kwanza ndiye mzazi wa uongo wa kesho, hata kama hana nia mbaya. Wala msisafishe kitu wala kukipaka rangi, maana kutu na vumbi navyo ni mashahidi.

Mavazi na vifaa vya Jeshi letu la Wananchi si vitu vya biashara. Mwezi wa Agosti 2023 Jeshi liliwapa raia siku saba kuyasalimisha mavazi yake waliyokuwa nayo. Hapo dhamiri na sheria zasema neno moja.

Mkikuta kitu cha chuma msichokijua shambani au porini, msikiguse, na watoto wasikiguse. Mwaka 1978 si mbali, na vita nyingine zimepita mipakani mwetu. Mwezi wa Novemba 2017, katika shule ya msingi ya Kihinga wilayani Ngara, bomu lililodhaniwa kuwa chuma chakavu liliwaua watoto wetu kadhaa na kuwajeruhi wengi. Mahali penye soko la vyuma, mtoto ndiye aokotaye. Mnunuzi aliye mbali akumbuke hilo anapopandisha bei. Na mkikuta mifupa ya mtu karibu na vitu hivyo, kazi yenu si kutafuta kofia. Mwiteni mwenyekiti wa kijiji na polisi, kisha padri, ili mtu yule apate maziko.

Mwisho, kama mtu amekwisha kuuza kwa uongo, na ajue kwamba kitubio hakikamiliki kwa majuto tu. Hana budi kumweleza mnunuzi kweli, kama aweza kupatikana, na kumrudishia kile kilicholipiwa uongo. Na hata kama fedha imekwisha, neno la kweli bado laweza kurudishwa, na mara nyingine hilo ndilo gumu zaidi kulitoa.

Katika mambo haya yote twaona kwamba neno moja fupi lingaliokoa watu wengi, nalo ni “sijui.” Watu huliona kuwa neno la aibu. Lakini mahakamani shahidi asemaye “sijui” pale asipojua ndiye hakimu amsadikiye pale asemapo “niliona.” Pale Kyaka magofu ya kanisa lililobomolewa katika vita hayahitaji kikaratasi. Wazee waliokimbia wakati ule bado wako, na kila mmoja anayo machache aliyoyaona kwa macho yake. Wanetu na wakawaulize hao, wayaandike kama walivyoambiwa, na pale mzee asemapo kwamba hajui, waandike kwamba hajui.